Kijidudu Kilicho Rafiki wa Mtoto Mchanga

Mama yeyote aliyelea mtoto alijua jambo hili, ingawa pengine hakupata kulifikiri. Mtoto anyonyaye maziwa ya mamaye peke yake, bila maji wala uji, choo chake huwa laini, rangi yake ni ya manjano kama haradali, na harufu yake si mbaya sana. Ina ukali kidogo kama wa maziwa yaliyolala. Mtoto huyo aanzapo kupewa maziwa ya ng'ombe au ya kopo, choo hubadilika. Huwa kigumu zaidi, rangi yake huelekea kuwa ya kahawia, na harufu yake hukaribia ile ya choo cha mtu mzima. Wazee wa kike hulitambua badiliko hilo upesi kuliko madaktari.

Ukali ule una sababu. Waletwa kwa sehemu kubwa na kijidudu kimoja kidogo sana kikaacho katika utumbo wa mtoto mchanga, ambacho kazi yake ni kula sehemu fulani ya maziwa ya mama na kuigeuza kuwa siki. Kwa muda wa zaidi ya miaka mia moja wataalamu wamekuwa wakikichunguza kijidudu hicho, na baadhi ya uchunguzi ulio muhimu umefanyika hapa Kenya, katika vijiji vya Kwale. Yafaa kila mzazi apate habari zake.

SI VIJIDUDU VYOTE VILIVYO ADUI

Watu wamefundishwa tangu shuleni ya kuwa vijidudu huleta maradhi, na mafundisho hayo ni ya kweli. Kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara damu huletwa na vijidudu viingiavyo kinywani pamoja na maji machafu au chakula kilichokaliwa na nzi. Lakini si haki kuhukumu kabila zima kwa makosa ya wezi wachache. Mwaka 2016 wataalamu walikadiria ya kuwa mwilini mwa mtu mzima mna bakteria kiasi cha trilioni 38, nao wakaona ya kuwa hesabu hiyo yakaribiana na hesabu ya chembe za mwili wake mwenyewe. Wengi sana katika hao hukaa katika utumbo mpana. Kama wote wangekuwa adui, hapana mtu ambaye angeishi hata juma moja.

Mkulima ataelewa jambo hili kwa urahisi. Shamba lililolimwa na kuachwa tupu halikai tupu, magugu hulijaza. Lakini shamba lililopandwa maharagwe yakatanda vizuri, magugu hukosa mahali pa kuota. Utumbo wa mtoto azaliwaye ni kama shamba lililolimwa jana. Tangu saa ile ya kuzaliwa vijidudu vya kila namna huanza kuingia, vingine kutoka kwa mama mwenyewe wakati wa kujifungua, vingine kutoka mikononi mwa watu, na vingine hewani. Swali ni hili tu: ni kipi kitakachotangulia kutanda?

BWANA TISSIER NA PANDA YA MANATI

Mtu wa kwanza kuvichunguza kwa utaratibu vijidudu vya choo cha watoto wachanga alikuwa daktari Theodor Escherich, aliyefanya kazi hiyo katika mji wa München, Ujerumani, mwaka 1885. Alikiona kijidudu kiitwacho sasa kwa jina lake, ambacho watu wengi hukiita koli. Miaka 14 baadaye, mwaka 1899, Mfaransa mmoja aliyeitwa Henri Tissier, wa Chuo cha Pasteur mjini Paris, alichunguza choo cha watoto walionyonya maziwa ya mama zao, akaona kitu kingine. Katika hadubini yake alikuta vijidudu vingi mno vya umbo la kijiti chenye panda, mfano wa panda ya manati ya mtoto apigaye ndege.

Vijidudu hivyo vilikuwa vigumu kufuga, kwa sababu havipendi hewa. Vikiachwa katika chombo kilicho wazi havikui. Bwana Tissier alilazimika kuviotesha mahali ambapo hewa haifiki, na pengine ndiyo sababu watu waliomtangulia hawakuvipata. Alivipa jina la Kilatini, bifidus, maana yake kitu kilichogawanyika sehemu mbili. Siku hizi jamii yao yaitwa bifidobakteria. Hapa vitaitwa bifido kwa kifupi. Mwaka 1963 Mjerumani mwingine, G. Reuter, aliweza kuzipambanua aina zake mbalimbali, na mojawapo akaiita infantis, yaani ya watoto wachanga. Hiyo ndiyo hasa inayozungumzwa katika makala haya.

Tissier alitambua pia ya kuwa watoto waharao wana bifido vichache kuliko watoto wenye afya. Mwaka 1906 alikuwa amekwisha kuandika habari za kuwapa watoto hao bifido ili kuwatibu. Basi wazo la kutumia kijidudu kuwa dawa ya kuhara, ambalo leo latangazwa katika maduka ya dawa kana kwamba limevumbuliwa juzi, lina umri wa zaidi ya karne moja.

CHAKULA AMBACHO MTOTO HAWEZI KUKITUMIA

Lilibaki fumbo moja. Mtu akiyapima maziwa ya mama, mbali na maji, ataona kwanza sukari ya maziwa, kisha mafuta. Kitu cha tatu kwa wingi si protini, kama watu wengi wanavyodhani. Ni jamii ya sukari nyingine zenye kuungana-ungana, ambazo aina zake zilizokwisha kutambuliwa zapita 150. Katika lita moja ya maziwa sukari hizo huwa kiasi cha gramu 5 hadi 15, na katika dang'a, yale maziwa mazito ya manjano ya siku za kwanza, huwa nyingi zaidi.

Ajabu yake ni kwamba mtoto hawezi kuzitumia. Tumbo lake halina vimeng'enya vya kuzivunja, kwa hiyo zapita tumboni na katika utumbo mwembamba zikiwa nzima, mpaka zafika katika utumbo mpana. Yaani mama, ambaye pengine mwenyewe hakula akashiba, atumia nguvu za mwili wake kutengeneza chakula ambacho mtoto wake hawezi kukimeng'enya. Kwa nini?

Jibu lilianza kuonekana katika miaka ya 1950. Daktari Paul György wa Philadelphia, Marekani, akisaidiana na Richard Kuhn wa Heidelberg, Ujerumani, alionyesha ya kuwa sukari hizo ndizo zinazowalisha bifido. Mama hunyonyesha wawili kwa wakati mmoja: mtoto, na mlinzi wa mtoto.

Mwaka 2008 wataalamu wa Chuo Kikuu cha California, mjini Davis, walisoma maandiko yote ya urithi ya bifido ya watoto wachanga. Walikuta kwamba kijidudu hiki kina vifaa kamili vya kuzipokea sukari hizo na kuzikatakata, tena vifaa hivyo vimepangwa pamoja mahali pamoja. Aina nyingine za vijidudu huvunja sukari nje ya miili yao, na makombo yake huliwa na jirani yeyote, mwema au mwovu. Bifido hii huiingiza sukari ikiwa nzima, kisha huikata ndani. Ni kama mtu achukuaye muwa mzima chumbani kwake akautafuna huko, asiache nje hata makapi. Vijidudu vya maradhi hubaki na njaa.

Maziwa ya ng'ombe yana kiasi kidogo mno cha sukari za namna hiyo. Hilo si kosa la ng'ombe. Maziwa yake yalikusudiwa ndama. Baadhi ya watengenezaji wa maziwa ya kopo wameanza kutia ndani yake sukari chache zilizotengenezwa kiwandani kwa mfano wa zile za mama. Ni hatua njema, lakini chache hazilingani na 150.

SIKI TUMBONI

Bifido akisha kula, hutoa asidi ya namna mbili: ile ya siki na ile iliyo katika maziwa ya mgando. Hapo ndipo ule ukali wa choo hutoka. Kila mpishi ajua ya kuwa siki huzuia chakula kuoza, maana ndiyo huhifadhi achari. Na katika utumbo wa mtoto mambo ni hayo hayo. Vijidudu vingi viletavyo kuhara havistawi mahali penye uchachu.

Uchachu huo hupimwa kwa kipimo ambacho maji safi yana 7, na kadiri hesabu inavyoshuka ndivyo uchachu unavyozidi. Mwaka 2018 wataalamu walikusanya vipimo vya choo cha watoto walionyonya vilivyoandikwa tangu mwaka 1926 hadi 2017. Waliona ya kuwa hapo zamani kipimo kilikuwa karibu 5, na katika miaka ya karibuni kimefika karibu 6.5 katika Marekani. Siki imepungua kwa sababu bifido wamepungua. Wataalamu hao wadhani ya kuwa chanzo ni mambo kadha wa kadha yaliyoingia pamoja: watoto kuzaliwa kwa kupasuliwa, ambapo hukosa vijidudu vya mama, dawa za kuua bakteria kutolewa ovyo, na maziwa ya kopo. Tena hasara hiyo huendelea, kwa sababu mwanamke aliyekosa bifido utotoni pengine hatakuwa nayo ya kumrithisha mwanawe.

Faida za kijidudu hiki haziishii katika uchachu tu. Mwaka 2011 wataalamu wa Japani walionyesha kwa panya ya kuwa asidi ya siki itolewayo na bifido huimarisha ukuta wa utumbo, hata sumu ya koli aina mbaya isipenye kuingia damuni. Mwaka 2014 uchunguzi uliofanywa Bangladesh ulionyesha ya kuwa watoto waliokuwa na bifido nyingi miili yao iliitikia vizuri zaidi chanjo walizopewa, kama ile ya kupooza na ya kifua kikuu. Na mwaka 2021 ikaonekana ya kuwa katika watoto wenye kijidudu hiki, askari wa damu hawana hasira ya bure. Hapa hata hivyo lazima msomaji awe mwangalifu. Mambo mawili yakionekana pamoja, si lazima moja liwe limelizaa jingine. Na panya si mtoto wa mtu.

MAMBO YALIYOONEKANA KWALE

Kwa wasomaji wa Kenya, habari zilizo karibu zaidi ni zile za pwani ya kusini. Mtoto azaliwapo huwa na akiba ya madini ya chuma mwilini, nayo humtosha kwa kadiri ya miezi sita. Baada ya hapo maziwa peke yake hayatoshi, kwa kuwa yana chuma kidogo. Katika nyumba nyingi chakula kifuatacho ni uji wa mahindi, nao una chuma kidogo. Hata hicho kidogo hushikwa na kitu kilichomo katika nafaka, kisiingie damuni. Hivyo watoto wengi hupata upungufu wa damu katika mwaka wa kwanza na wa pili, wakati ule ule ubongo wao unapokua kwa kasi. Ndiyo sababu katika nchi nyingi zahanati hutoa vipakiti vya unga wenye chuma na vitamini, ili mama atie katika uji.

Lakini sehemu kubwa ya chuma hicho haifyonzwi. Huteremka mpaka utumbo mpana, na huko yuko anayekingoja. Koli na jamaa zake wabaya wanapenda chuma sana; bila chuma hawazai. Bifido wanahitaji chuma kidogo tu. Maziwa ya mama yanaujua ugomvi huo, ikiwa yafaa kusema hivyo, kwa maana yana protini maalum ambayo hukamata chuma na kuwanyima vijidudu vya maradhi. Kumpa mtoto chuma kingi kwa ghafula ni kama kutia mbolea katika shamba zima, magugu pamoja na maharagwe.

Wataalamu kutoka Zurich, Uswisi, wakishirikiana na wenzao wa Kenya, waliijaribu hoja hiyo. Walichukua watoto 115 wa miezi sita, wakawapa uji wa mahindi kila siku kwa miezi minne. Baadhi yao walitiliwa unga wenye chuma, na wengine unga wa namna ile ile usio na chuma, wala wazazi hawakujua nani amepewa upi. Kabla ya kuanza, bakteria 63 katika kila 100 za utumbo wa watoto hao zilikuwa za jamii ya bifido. Yaani watoto wa Kwale walikuwa na utajiri ambao watoto wengi wa Ulaya na Marekani wameupoteza. Matokeo yalitangazwa mwaka 2015. Katika watoto waliopewa chuma, koli na jamaa zake waliongezeka wakilinganishwa na bifido, na dalili za uvimbe wa utumbo zilizidi. Miongoni mwa waliopewa kiasi kikubwa cha chuma, miligramu 12.5 kwa siku, kiasi cha 27 katika kila 100 walihitaji kutibiwa kuhara, na miongoni mwa wenzao wasiopewa chuma kiasi cha 8 katika kila 100. Watoto walikuwa wachache, kwa hiyo tofauti hiyo ya kuhara yaweza kuwa bahati tu; walakini ni tofauti ya kumfanya mtu afikiri.

Mzazi asiposoma mbele ya hapo, huenda akakimbia kutupa vipakiti vya zahanati jalalani. Atakosea sana. Upungufu wa damu ni adui wa hakika, nao huacha alama katika akili ya mtoto kwa maisha yake yote. Wataalamu wale wale hawakusema chuma kiachwe. Walirudi pwani kutafuta njia ya kutoa chuma bila kuwanyima bifido nafasi. Mwaka 2017 walitangaza habari za watoto 155, ambao baadhi yao walipewa chuma kiasi kidogo, miligramu 5, pamoja na gramu 7.5 za sukari itengenezwayo kwa sukari ya maziwa, ambayo bifido hupenda kuila. Watoto waliopata vyote viwili damu yao iliongezeka, na bifido wao hawakupungua kama ilivyokuwa kwa wale waliopata chuma peke yake. Vijidudu viletavyo sumu navyo vilikuwa vichache zaidi.

Sukari hiyo haipatikani katika duka la kijijini. Lakini mama anaweza kufanya mengi kwa vitu alivyo navyo. Aendelee kunyonyesha baada ya miezi sita, mpaka mtoto atimize miaka miwili au zaidi, kwa maana bifido huendelea kulishwa maadamu maziwa yanakuja. Uji ukichachushwa kabla ya kupikwa, kile kitu kinachokishika chuma hupungua. Maini, nyama iliyosagwa na dagaa vina chuma kinachofyonzwa vizuri kuliko cha nafaka, na kwa hiyo kibakicho cha kuwalisha koli si kingi. Maharagwe na mboga za majani vikiliwa pamoja na chungwa au maji ya ndimu hutoa chuma zaidi. Chai asipewe mtoto kabisa. Huzuia chuma, wala haina kitu cha kumfaa. Na wakati wa kuzaa, mkunga asiharakishe kufunga kitovu. Angoje walau dakika moja, ili damu iliyobaki katika kondo imrudie mwenyewe. Dakika hiyo humwongezea mtoto akiba ya chuma, tena haina gharama hata senti moja.

JE, KIJIDUDU CHAWEZA KUNYWESHWA KAMA DAWA?

Swali hili huulizwa na wazazi wa mjini hasa, ambao huona vichupa na vipakiti vya bakteria wema vikiuzwa kwa bei kubwa. Majibu ya sayansi hayafanani.

Katika jimbo la Odisha, India, watoto 4,556 wa vijijini walifuatwa tangu kuzaliwa. Nusu yao walipewa kwa siku saba kijidudu kingine kilicho chema, cha jamii ya vile vigandishavyo maziwa na mboga, pamoja na sukari ya kukilisha. Kwa taarifa ya mwaka 2017, kati ya wasiopewa kitu, watoto 9 katika kila 100 walipata maradhi ya sumu katika damu au walikufa. Kati ya waliopewa, ni 5.4. Hilo si jambo dogo. Huko Bangladesh, mwaka 2022, watoto wachanga waliokonda sana kwa utapiamlo walipewa bifido ya watoto wachanga, wakaongezeka uzito kuliko wenzao ambao hawakuipewa.

Sasa tazama upande wa pili. Katika hospitali za kusini mashariki ya Uingereza zaidi ya watoto njiti 1,300 waliingizwa katika jaribio la bifido ya aina nyingine, na mwaka 2016 ikatangazwa ya kuwa haikuonekana faida yoyote. Na mwaka 2023 idara ya serikali ya Marekani isimamiayo dawa na chakula iliwaonya madaktari, baada ya mtoto mmoja njiti, ambaye uzito wake haukufika kilo moja, kufa kwa sumu ya damu iliyoletwa na kijidudu kile kile alichonyweshwa. Utumbo wa mtoto njiti ni mwembamba kama karatasi iliyolowa, na hata rafiki akipenya mahali pasipo pake huwa adui.

Basi asiwepo mtu wa kumnunulia mtoto mchanga unga wa bakteria kwa kusikia tangazo tu. Zaidi ya hatari hiyo, lipo jambo la joto. Bakteria waliomo ni viumbe hai. Na aina nyingi huhitaji kuhifadhiwa penye baridi. Kipakiti kilichokaa miezi mitatu juu ya rafu ya duka chini ya bati, huko Garissa au Lodwar, pengine hakina kilicho hai ndani yake ila bei. Wala maziwa ya mala na mtindi havishiki nafasi ya bifido. Ni chakula kizuri kwa mtu mzima na kwa mtoto aliyekua, lakini vijidudu vyake ni jamaa wa mbali, na mtoto wa chini ya miezi sita asipewe.

ALIYENYONYA PEKE YAKE

Njia iliyo rahisi na ya hakika ya kuwastawisha bifido ingali ile ya zamani. Mtoto awekwe kifuani pa mama katika saa ya kwanza, wala dang'a isikamuliwe na kumwagwa kwa kudhaniwa kuwa ni maziwa mabovu. Hiyo ndiyo mbegu na mbolea pamoja. Kisha anyonye peke yake miezi sita. Hata penye joto kali mtoto hahitaji maji, kwa kuwa maziwa ya mama ni maji kwa sehemu 87 hivi katika kila 100. Maji ya sukari, dawa za mchango na uji mwepesi wa mwezi wa pili humpunguzia hamu ya kunyonya na kumletea wageni wasioalikwa. Mama mwenye virusi vya Ukimwi naye, akitumia dawa zake bila kukosa, hushauriwa na Wizara ya Afya anyonyeshe bila kuchanganya katika miezi hiyo sita. Ni kuchanganya kunakoongeza hatari.

Wazazi wa Kenya wamekwisha kuonyesha ya kuwa mwendo waweza kubadilika. Mwaka 2003 watoto 13 tu katika kila 100 walio chini ya miezi sita walikuwa wakinyonya bila kupewa kitu kingine. Mwaka 2014 walikuwa 61. Tangu hapo hesabu imesimama, kwani mwaka 2022 ilikuwa 60. Watu wengi waliobaki nyuma si wavivu wala wajinga. Ni wanawake warudio kazini mapema, katika mashamba ya chai, viwandani, maofisini na vibandani sokoni.

Jambo la dawa halina budi kutajwa hapa. Dawa za kuua bakteria haziwezi kumtambua rafiki wala adui, huwafagia wote. Mtoto akiandikiwa na daktari kwa homa ya mapafu au sumu ya damu, apewe zote mpaka ziishe, kwa maana bifido waweza kurudi na mtoto aliyekufa harudi. Lakini kununua vidonge dukani kwa mafua na kuhara kwa kawaida ni kuharibu shamba bila sababu. Mtoto aharaye hupewa maji ya chumvi na sukari ya zahanati pamoja na vidonge vya zinki, naye huendelea kunyonya. Asinyimwe ziwa hata mara moja.

Kwa mama afanyaye kazi ya mshahara, Sheria ya Afya ya mwaka 2017 yamtaka mwajiri atenge mahali pa faragha ambapo aweza kunyonyesha au kukamua maziwa. Hata asipopata mahali hapo, aweza kukamua nyumbani asubuhi kabla ya kutoka. Aoshe mikono kwa sabuni, akamue katika chombo kilichochemshwa chenye kifuniko, akiweke kivulini. Nyumbani penye baridi, kama vile Limuru, maziwa hayo hukaa saa nne bila kuharibika. Mombasa yatumiwe mapema zaidi. Katika friji hukaa siku nne. Yasichemshwe motoni, chombo kitiwe katika maji ya moto mpaka yapate uvuguvugu. Yaya ampe mtoto kwa kikombe kidogo kilicho safi badala ya chupa, kwa sababu kikombe huosheka vizuri, na chupa huficha uchafu katika chuchu yake.